Kutoka Kibarua hadi Mfanyakazi: Migomo ya Bandari za Afrika Mashariki na Msamiati Wake

Ikisiri

Historia ya migomo ya wafanyakazi katika Afrika Mashariki imeandikwa kwa kiasi kikubwa kutokana na ripoti za tume za kikoloni, ambazo ziliandikwa kwa Kiingereza na watu ambao hawakugoma. Makala hii inapendekeza kwamba msamiati wa kazi na ukinzani katika Kiswahili ni ushahidi wa kihistoria unaostahili kusomwa sambamba na ripoti hizo. Kwa kuchunguza maneno kama vile kibarua, kipande, mtoro, maskini, mchochezi na mfanyakazi katika muktadha wa matukio ya Nairobi (1922 na 1950), Mombasa (1939 na 1947), Dar es Salaam (1939 hadi 1950), Zanzibar (1948) na Tanzania ya Mwongozo (1971 hadi 1973), makala inaonesha kwamba mapambano ya wafanyakazi yalikuwa pia mapambano ya kupata jina. Inahitimisha kwamba jina lililopatikana kwa mgomo lilikuja kutumiwa, baada ya uhuru, kuunyima mgomo uhalali wake.

1. Utangulizi

Tarehe 13 Januari 1947 mji wa Mombasa ulisimama. Makuli hawakwenda gatini, wafanyakazi wa reli hawakwenda karakana, na watumishi wa hoteli na wa majumbani hawakuripoti kwa waajiri wao. Watu wapatao 15,000 waligoma kwa muda wa siku 12. Kila siku walikusanyika katika uwanja ambao wao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini. Wanahistoria wameeleza kwa kina sababu za mgomo huo: mishahara midogo, kodi kubwa za nyumba na kupanda kwa bei za bidhaa baada ya vita. Jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili ni jina la uwanja. Kwa nini watu waliokuwa wakidai haki zao kama wafanyakazi hawakukiita kiwanja chao kwa jina la kazi, bali kwa jina la umaskini?

Swali hili ni la kiisimu na la kihistoria kwa wakati mmoja. Kazi za Frederick Cooper kuhusu bandari ya Mombasa, za John Iliffe kuhusu bandari ya Dar es Salaam na za Anthony Clayton kuhusu Zanzibar zimeweka msingi imara wa kuelewa matukio. Hata hivyo, chanzo kikuu cha maelezo mengi ni nyaraka za serikali, na nyaraka hizo zilipowanukuu wagomaji ziliwanukuu kwa tafsiri. Kile kilichosemwa kwa Kiswahili kilipotea njiani. Hakikupotea chote, kwa kuwa lugha huhifadhi kile ambacho makabrasha hayahifadhi. Maneno waliyoitwa wafanyakazi, na yale waliyojiita, bado yako vinywani mwa watu. Makala hii inayasoma maneno hayo pamoja na matukio yaliyoyazaa au kuyabadili.

2. Karatasi, namba na mzigo: majina ya waliofanya kazi

Kabla ya neno mfanyakazi kushika nafasi liliyo nayo leo, mtu aliyeuza nguvu zake katika pwani ya Afrika Mashariki alikuwa na majina mengi, na karibu yote hayakumtaja yeye mwenyewe. Hamali, neno lenye asili ya Kiarabu, lilimtaja kwa mzigo anaoubeba. Kuli lilikuwa jina lililozunguka bandari za Bahari ya Hindi na kumfuata mchukuzi popote meli zilipotia nanga. Manamba, katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, lilitokana na neno la Kiingereza la namba, kwa kuwa mtu aliyesajiliwa na kusafirishwa kwenda shambani alijulikana kwa tarakimu yake. Kibarua lilitokana na barua. Lilikuwa ni kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku, na kwa mpito wa maana likawa jina la mtu mwenyewe. Kwa ufupi, mtu aliitwa mzigo, namba au karatasi.

Neno kibarua linastahili kutazamwa kwa karibu zaidi kwa sababu ya tabia yake ya kisarufi. Kimofolojia, neno hili limo katika ngeli ya KI-VI. Linapomtaja mtu huchukua upatanisho wa viumbe hai: kibarua amefika, vibarua wamegoma. Linapotaja kazi yenyewe hubaki na upatanisho wa umbo lake, kama katika msemo maarufu wa mtu aliyefukuzwa kazi kwamba kibarua chake kimeota nyasi. Hivyo sarufi ya Kiswahili inatenganisha kwa uwazi mtu na kazi yake, ingawa neno ni moja. Kitabu cha mahesabu cha mwajiri hakikufanya hivyo. Humo kibarua alihesabiwa kama siku ya kazi, na siku ilipokwisha, naye alikuwa amekwisha.

Hapa kuna jambo ambalo jina lenyewe linalificha. Kibarua alidharauliwa kwa kuwa hakuwa na ajira ya kudumu, lakini ni hali hiyohiyo iliyompa nguvu. Kama Cooper anavyoonesha, kibarua wa Mombasa aliyefanya kazi siku kadhaa katika mwezi, kisha akarejea shambani kwake au katika biashara ndogondogo, hakuwa rahisi kutishwa kwa kufukuzwa. Huwezi kumfukuza mtu ambaye hukumwajiri kesho. Katika miaka ya 1940 na 1950 wakuu wa bandari walitumia juhudi nyingi kuwasajili vibarua, kupunguza idadi yao na kuwageuza kuwa waajiriwa wa kudumu. Mageuzi hayo yalielezwa kuwa ni ya kuboresha hali ya wafanyakazi, na kwa baadhi yao yaliiboresha kweli, lakini yalilenga pia kuuvunja uhuru uliojificha ndani ya neno la dharau.

3. Kipande na utoro: urithi wa utumwa katika lugha ya ajira

Mpaka kati ya utumwa na kazi ya ujira katika Afrika Mashariki haukuwa mstari ulionyooka. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Maneno hayakufutwa kwa amri. Mtoro, aliyekuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, aliendelea kuwa mtoro alipokuwa mtu huru aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 nchini Kenya ilifanya kuondoka kazini kuwa kosa la jinai, na kwa hiyo lugha iliyomwita mtu huyo mtoro haikukosea: mbele ya sheria alikuwa amekimbia, hakuwa ameacha.

Neno kipande lilibeba maana mbili kulingana na mahali. Katika Tanganyika kilikuwa kadi ya kazi ya siku 30, ambazo mtu alizikamilisha ndipo alipwe. Mwezi wa kipande ungeweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Nchini Kenya kilikuwa hati ya usajili iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kuwa nayo, na wengi waliivaa shingoni katika kikasha cha chuma. Ndani yake mwajiri aliandika tarehe na mshahara, na bila sahihi yake mtu hakuweza kuajiriwa kwingine. Kipande, yaani sehemu ndogo ya kitu, kikawa na uwezo wa kuushika mwili mzima.

Ukinzani dhidi ya kipande ndio uliolijenga jina la Harry Thuku. Mwaka 1921 walowezi walipokubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi, Thuku, aliyekuwa karani wa simu, aliongoza Shirika la Afrika Mashariki kupinga upunguzaji huo, kipande, kodi na kulazimishwa kwa wanawake kufanya kazi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakabili hadharani kwa kuwavua heshima ya uanaume wao, na umati ukasonga mbele. Polisi walifyatua risasi. Takwimu rasmi zilitaja watu 21 waliouawa, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Tukio hili halikuwa mgomo kwa maana ya kisheria, wala hapakuwa na chama cha wafanyakazi kilichoratibu. Hata hivyo, madai yake yalihusu mshahara, hati ya kazi na kazi ya lazima. Yeyote anayeanza historia ya wafanyakazi kwa kusajiliwa kwa vyama huliacha nje tukio hili, na pamoja nalo huwaacha nje wanawake.

4. Kugoma: kitenzi na watendaji wake

Kitenzi kugoma hakiko bandarini tu. Punda hugoma njiani, injini hugoma kuwaka, mtoto hugoma kula. Kiini cha maana yake ni kukataa kuendelea pale ambapo mwingine anatarajia uendelee. Ni kukataa kwa kutulia, si kwa kushambulia. Kutokana na kitenzi hiki Kiswahili kimeunda familia kamili ya maneno: mgomo, mgomaji, kugomea, na hata mgomo baridi, yaani ule ambao mtu yuko kazini lakini kazi haipo.

Umbo la kugomesha, lenye kiambishi cha kusababisha, linaibua suala muhimu zaidi. Katika kugoma, mgomaji ndiye mtenda. Katika kugomesha, mtenda ni mwingine, na aliyegoma anakuwa ametendeshwa. Tofauti hii ya kisarufi ndiyo iliyogawa mitazamo miwili ya historia. Kwa serikali za kikoloni, makuli wasingeweza kugoma wenyewe; lazima awepo aliyewagomesha. Kila baada ya mgomo alitafutwa mtu huyo, na jina lake la Kiswahili likawa mchochezi. Neno hili linatokana na kuchochea moto, yaani kusukuma kuni ndani zaidi ili ziwake. Walioliteua labda hawakufikiri kwamba sitiari yenyewe inawasuta: mchochezi haleti moto wala kuni. Anakuta vyote viwili mekoni.

Matukio ya 1939 yanathibitisha hoja hii. Mwezi Julai mwaka huo wafanyakazi wa Idara ya Kazi za Umma mjini Mombasa waligoma wakidai posho ya nyumba, na mgomo ukaenea katika taasisi moja baada ya nyingine hadi bandarini mwezi Agosti. Mwezi huohuo wa Julai vibarua wa bandari ya Dar es Salaam nao waligoma. Tume iliyochunguza mgomo wa Mombasa ilikiri kwamba makazi yalikuwa mabaya na mishahara haikulingana na kodi. Chama chenye nguvu cha kuongoza mgomo hakikuwapo. Kuni zilikuwa zimekauka zenyewe.

Dar es Salaam iligoma tena mwaka 1943, wakati wa vita, na tena Septemba 1947. Mgomo wa 1947 ulianzia bandarini, ukawashirikisha vibarua na waajiriwa wa kudumu kwa pamoja, kisha ukasafiri na reli ya kati kuelekea bara. Njia yake inaeleza jambo kuhusu lugha pia. Reli ilipeleka habari, na habari hizo ziliweza kueleweka katika kila stesheni kwa sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi kwa watu wa makabila mengi. Mgomo ulileta nyongeza ya mishahara na kuzaa chama cha makuli. Miaka mitatu baadaye, baada ya mgomo wa Februari 1950 ulioambatana na vurugu, chama hicho kilivunjwa.

5. Kiwanja cha Maskini

Sasa swali la mwanzo laweza kurejewa. Kwa nini maskini? Jibu la kwanza ni la kijamii. Mgomo wa Mombasa wa 1947 haukuwa wa kundi moja la kazi. Kuli wa gati, mpishi wa Mzungu, mfagiaji na mtu wa karakana ya reli hawakuwa na mwajiri mmoja wala mshahara mmoja. Walichoshiriki ni kodi ya chumba na bei ya unga. Jina la kazi lingewagawa. Jina la hali yao liliwaunganisha.

Jibu la pili ni la kisemantiki. Katika matumizi ya pwani, neno maskini halimaanishi tu mtu asiye na kitu. Katika mafundisho ya Kiislamu, mafukara na maskini ni miongoni mwa wanaostahiki zaka, na kwa hiyo maskini ni mtu mwenye haki katika mali ya mwenye nacho. Si lazima kudhani kwamba kila mgomaji, wakiwamo Wakristo wengi waliotoka bara, alilifikiria jina kwa namna hiyo. Inatosha kutambua kwamba lugha waliyoitumia ilikuwa tayari na neno ambamo umaskini na haki vimekaa pamoja. Kuuita uwanja Kiwanja cha Maskini hakukuwa kuomba huruma. Kulikuwa kutangaza dai.

Katika kiwanja hicho kilizaliwa chama kilichokuja kuitwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, chini ya uongozi wa Chege Kibachia. Mgomo ulisitishwa baada ya Eliud Mathu, mjumbe wa Kiafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, kuwahakikishia wagomaji kwamba madai yao yangechunguzwa. Yalichunguzwa, na mishahara ikaongezwa. Lakini Agosti 1947 Kibachia alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Baringo. Mchochezi alikuwa amepatikana. Mwaka uliofuata, Agosti na Septemba 1948, Zanzibar nayo iligoma, kuanzia bandarini hadi mji mzima, ingawa hakuna aliyeweza kudai kwamba Kibachia aliichochea kutoka uhamishoni.

Mgomo wa Zanzibar ulipata mwandishi wake miaka 31 baadaye. Adam Shafi Adam, katika riwaya ya Kuli (1979), anayafuata maisha ya Rashidi, kuli na mtoto wa kuli, hadi kwenye mgomo wa 1948. Uamuzi wa kuipa riwaya jina hilo ni wa maana kubwa kwa hoja ya makala hii. Shafi hakuliepuka neno la dharau wala hakulibadilisha kwa neno la heshima. Alilichukua kama lilivyo na kulijaza mtu: mwenye mama, mwenye rafiki, mwenye hofu na mwenye uamuzi. Msomaji anapofunga kitabu, neno ni lilelile, lakini halisemeki tena kwa kebehi ileile. Fasihi hapa imefanya kile ambacho ripoti ya tume isingeweza kufanya, kwa kuwa ripoti ilihitaji idadi ya makuli, na riwaya ilihitaji kuli mmoja.

6. Kutoka mfanyakazi hadi uhuru, na kutoka uhuru hadi ukimya

Makhan Singh, aliyejenga Chama cha Wafanyakazi cha Kenya kuanzia mwaka 1935, na Fred Kubai walianzisha Kongamano la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika Mashariki tarehe 1 Mei 1949, siku ambayo asili yake ni mapambano ya wafanyakazi wa Chicago ya mwaka 1886. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh alitaka nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Mei 15 yeye na Kubai walikamatwa, na mgomo mkuu ukaikumba Nairobi kwa zaidi ya wiki moja. Kubai alirejea uraiani mapema. Makhan Singh alizuiliwa hadi Oktoba 1961. Katika tukio hilo dai la mshahara na dai la uhuru yalikuwa yameshakuwa sentensi moja.

Katika miaka hiyo mfanyakazi likawa jina la kujivunia. Tofauti na kibarua, kuli au manamba, jina hili linamtaja mtu kwa tendo lake: ndiye anayefanya kazi. Harakati za uhuru za Tanganyika zililitegemea. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa mwaka 1955, likiwa na Rashidi Kawawa kama Katibu Mkuu, lilikuwa mshirika wa karibu wa TANU. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimweka mfanyakazi pamoja na mkulima kama wenye nchi, na unyonyaji, neno lililotokana na kunyonya, likapata maana ya kisiasa inayojulikana hadi leo.

Lakini sheria ya mwaka 1962 ilikuwa tayari imebana sana uwezekano wa kugoma kihalali. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walikamatwa, shirikisho likavunjwa, na badala yake ikaundwa NUTA, chama kimoja kilichofungamana na TANU. Jina lilipandishwa hadhi, kitenzi kikashushwa. Mfanyakazi alikuwa mjenzi wa taifa, na mjenzi wa taifa hapaswi kugoma, kwa kuwa atakuwa anajigomea mwenyewe.

Mantiki hiyo ilijaribiwa na wafanyakazi wenyewe. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, ulikataza viongozi kuwa na majivuno na kuwaonea watu. Kuanzia mwaka huo hadi 1973 wafanyakazi katika viwanda mbalimbali waligoma na kuwafungia nje mameneja, mara nyingi si kwa ajili ya mshahara bali kwa ajili ya kutukanwa, kudharauliwa na kuonewa. Walikinukuu kifungu cha 15. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973, walikwenda mbali zaidi: walimfungia nje mwenye kiwanda na kuendesha uzalishaji wenyewe. Dola iliingilia kati, na udhibiti wao haukudumu. Issa Shivji amelieleza tukio hili kama kilele cha mapambano ya kitabaka ya kipindi hicho. Kwa mtazamo wa lugha, lilikuwa pia jaribio la kusoma. Wafanyakazi walisoma andiko la chama chao kwa maana yake ya kawaida, kama mtu yeyote ajuaye Kiswahili angelisoma, na wakaambiwa kwamba hawakulielewa.

7. Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba msamiati wa kazi katika Kiswahili umebeba historia ambayo haimo kikamilifu katika nyaraka. Watu walioitwa kwa jina la karatasi, namba au mzigo walijipatia, kwa migomo iliyowagharimu vifungo, uhamisho na wakati mwingine uhai, jina linalowataja kwa tendo lao. Jina hilo lilibaki. Kitenzi kilicholipata hakikubaki nalo. Katika maadhimisho ya Mei Mosi ya leo, mfanyakazi hutajwa katika kila hotuba, ilhali mgomo hutajwa, ukitajwa, kama jambo la kuepukwa.

Kwa watafiti wa isimu na fasihi ya Kiswahili kuna kazi mbili za haraka. Ya kwanza ni kukusanya lugha ya wafanyakazi wa bandari, reli na mashamba ya mkonge kabla ya wazee wa mwisho wanaoikumbuka kuondoka. Ya pili ni kuisoma upya riwaya ya Kiswahili kama hifadhi ya lugha hiyo, na si kama kielelezo cha itikadi pekee. Pale Mombasa, kila siku kwa siku 12, maelfu ya watu walisikiliza na kusema. Tume iliandika walichodai. Namna walivyokisema bado haijaandikwa.